Tommy Keene: deiwaka wa pawa popu niliyemkuta ndani ya redio ya mtumba, Ngamiani

FundiNyuzi:

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Uzi huu wa Tommy Keene, mpiga gitaa wa Marekani, nimeuahirisha tangu 2017. Kila nikikaa kuuandika anatokea mtu na sabufa yake, "fundi hii inakoroma". Leo umeme umekatika mtaa mzima, simu ina asilimia 70 na kibandani hakuna kazi, basi leo leo. Mods nawaomba msiuhamishie kule kwenye habari za wasanii, utazikwa na picha za besidei. Nawaandikia watu wa gitaa, pamoja na wale vijana wanaonipitia jioni na swali moja: "mzee, gitaa linalipa?"

Mwaka 1999 nilikuwa na kibanda cha redio hapa Tanga, Ngamiani, ukitoka soko la Mgandini unanyoosha tu. Mama mmoja akaniletea redio kaseti ya mtumba, ile ya milango miwili. Ugonjwa wake: inakula mikanda. Mlango wa pili ulikuwa umeng'ang'ania kabisa, mwenyewe hajawahi kuuona ukifunguka tangu ainunue. Nikautoa kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na kaseti, na utepe wake umejiviringisha kwenye kile kigurudumu cha mpira kama tambi za iddi. Nusu saa nzima nilikuwa nautoa kwa kibano, pamba na spiriti, halafu nikaurudisha ndani kwa kalamu ya Bic. Karatasi ya juu ilikuwa imechubuka. Zilibaki herufi nne zinazosomeka: KEEN.

Mama akasema itupe. Sikuitupa. Kila fundi redio ana kaseti yake ya kujaribia, ile ukimaliza kuchomea risasi unaipachika usikilize kama kushoto na kulia kote kunaongea. Yangu ilikuwa taarabu ya zamani ya hapahapa Tanga na ilishachoka, sauti inapepesuka. Nikaweka hii ya KEEN.

Jamani.

Gitaa lilitoka pale kama kengele za baiskeli kumi zinateremka mlima kwa pamoja. Dramu zinakwenda mbio, besi inatembea, halafu kijana anaimba kwa sauti nyembamba yenye huzuni juu ya muziki wenye furaha. Dakika tatu, wimbo kwisha. Unakuja mwingine, nao dakika tatu, kwisha. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, maneno sikuyashika, lakini mikono ya yule mtu niliielewa.

Kwa miaka karibu minne kila redio iliyopona mikononi mwangu ilipona kwa kaseti ile. Watoto wa mtaa walikuwa wanapita wakipiga mluzi wa kiitikio cha wimbo wa kwanza. Jina la mwimbaji hatukulijua. Tulimwita Bwana Kini.

Nitaendelea, acheni nivute pumzi.

KobeMzee:

Nimekaa hapa, fundi. Shusha.

MtotoWaBandari:

Chai hii. Kaseti ya Mzungu Ngamiani 1999? 😂 Ila tamu, endelea.

FundiNyuzi:

Mtoto wa bandari unayekataa kwamba vitu vinaingia Tanga kutoka nje, haya.

Tuweke msingi kwanza kabla ya kumfikia mtu mwenyewe, maana najua wengi aina hii ya muziki hamjaisikia kwa jina. Inaitwa pawa popu. Jina linatokana na Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who ya Uingereza, aliyeelezea hivyo muziki wa bendi yake mwaka 1967. Popu ile tamu ya kuimbika kama ya Beatles, ila gitaa linapigwa kwa nguvu za roki. Wimbo mfupi, sauti mbili tatu zinaitikiana, kiitikio kinakaa kichwani mpaka unaenda nacho kuoga.

Walioujenga mchezo huu Marekani ni pamoja na bendi moja ya Memphis, Big Star. Albamu ya kwanza ilitoka 1972. Waandishi wa magazeti waliisifu mno, lakini usambazaji ulikuwa mbovu: mtu anasoma sifa, anaenda dukani, santuri haipo. Ya pili ikatoka 1974, yakawa yaleyale. Mmoja wa waimbaji wake, Alex Chilton, alikuwa ameshaimba wimbo ulioshika namba moja Marekani mwaka 1967 akiwa na bendi nyingine na umri wa miaka 16. Mwanzoni mwa miaka ya 80 alikuwa anaosha vyombo hotelini New Orleans.

Mwenzake aliyeianzisha naye, Chris Bell, alikufa kwa ajali ya gari Memphis tarehe 27 Desemba 1978, na umri wa miaka 27. Niliposoma tarehe ile nilisimama. Mnajua Januari 1979 ilitokea nini. Mbaraka Mwinshehe, ajali ya gari, Mombasa. Wiki mbili na ushei kati yao. Wapiga gitaa wawili, watunzi wawili, barabara mbili. Mbaraka alililiwa na Afrika Mashariki nzima. Bell alikuwa ametoa santuri moja ndogo kwa jina lake, nyimbo mbili tu, mwaka uleule.

Sisemi wanafanana. Nasema tarehe ile ilinikaa.

DeiwakaMstaafu:

Fundi umegusa penyewe. Hapo kwenye dakika tatu nakuongezea.

Vijana wanadhani nyimbo zetu za dansi zilikuwa ndefu kwa sababu tulikuwa na muda mwingi. Ukumbini ndiyo, sebene linaweza kwenda robo saa mpaka jasho liishe. Lakini santuri za kasi 45 zilikuwa hazibebi. Bendi ikivuka mpaka kwenda kurekodi Nairobi, wimbo unakatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, unageuza, upande wa pili magitaa. Kwa hiyo wale Wazungu wako na sisi tulibanwa na sahani ileile. Wao wakajifunza kusema yote kwa dakika tatu, sisi tukajifunza kugeuza.

Na Tanga hii ilikuwa mji wa magitaa, wasikudanganye. Atomic Jazz walikuwa hapa. Jamhuri Jazz walikuwa hapa, na ndani ya Jamhuri ndimo walimopikwa Wilson na George Peter Kinyonga. Wakaenda Arusha, wakavuka Kenya, 1971 ikazaliwa Simba Wanyika. Wilson solo, George ridhimu. Ile ridhimu ya George, we acha tu.

FundiNyuzi:

Mzee wangu shikamoo. Nilikuwa naomba uje. Ridhimu ya George Kinyonga ndiyo iliyonifanya nimwelewe Bwana Kini, nitafika hapo.

Sasa mtu mwenyewe. Mwaka 2003, intaneti kafe, nusu saa shilingi mia tano, kompyuta inawaza kama mzee wa baraza. Nikaandika KEEN nikaongeza neno gitaa kwa Kiingereza. Yakaja ya viatu. Nikajaribu maneno ya kiitikio jinsi nilivyoyasikia mimi, hapo sisemi yalitoka nini. Siku ya tatu nikampata kwa picha ya jalada, maana kipande cha chubuko kilibaki na rangi: Tommy Keene. Kaseti yangu ilikuwa *Songs from the Film*, ya mwaka 1986.

Alizaliwa 1958 Evanston, Illinois, akakulia Bethesda, Maryland, pembeni ya Washington. Alianzia kwenye dramu. Baadaye akashika gitaa kwenye bendi za Washington, mojawapo Razz. Mwaka 1982 akatoa albamu yake ya kwanza mwenyewe. Mwaka 1984 akatoa santuri fupi, *Places That Are Gone*, kupitia kampuni ndogo ya North Carolina inaitwa Dolphin. Ile ndiyo iliyomtoa. Gazeti la Village Voice la New York lilikuwa na utaratibu wa kupigisha kura wakosoaji wa muziki kila mwaka, na kwenye fungu la santuri fupi za 1984 yeye akaongoza.

Mpaka hapo ni mtu huru. Kampuni ndogo, gari dogo, bendi ya watu wanne.

Halafu ikaja kampuni kubwa, Geffen. Tayari alikuwa amesharekodi nyimbo za albamu na maprodyuza wawili, Don Dixon na T-Bone Burnett. Kazi ile ikawekwa pembeni, ikarekodiwa nyingine upya. Safari hii akapewa Geoff Emerick. Huyu ni fundi mitambo wa Beatles, aliyekaa kwenye mashine za albamu yao ya 1966 akiwa na miaka 20! Studio waliyotumia ilikuwa ya George Martin, prodyuza wa Beatles, kisiwani Montserrat, Karibi. Nilipojua hilo nikamwambia mpiga besi wetu: kumbe kaseti hii nayo ya pwani, imezaliwa kwenye chumvi. Studio yenyewe ilikuja kubomolewa na kimbunga mwaka 1989.

Albamu ikatoka 1986. Kwenye orodha ya mauzo ya Marekani haikuingia hata kwenye mia bora. Kwa kampuni ya ukubwa ule hiyo ni aibu.

Baadhi ya nyimbo za kile kikao cha mwanzo zilitolewa mwaka uleule kwenye santuri fupi. Mimi nazipenda kuliko za Emerick. Za Emerick zimeoshwa na kupigwa pasi, kila kitu kimekaa mahali pake. Zile nyingine unasikia watu wanne chumbani, dramu zina vumbi. Msinipige mawe.

BintiPangani:

Kaka fundi samahani nakukatisha. Hicho kipande cha kengele kinapigwaje? Nina gitaa la bati la mdogo wangu hapa, nyuzi tano, wa sita umekatika.

FundiNyuzi:

Dada, nyuzi tano zinakutosha kuanzia, uliokatika nadhani ni ule mwembamba, ndio hukatika kwanza. Ukiurudishia ndipo kengele itakuja.

Siri ni hii. Mkono wa kushoto unashika kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja (siyo kodi ya TRA), kwenye nyuzi za katikati tu. Uzi wa kwanza na wa pili, zile mbili nyembamba, unaziacha wazi, hazibanwi. Sasa kodi inahama, kutoka tundu la pili kwenda la nne kwenda la saba, lakini zile mbili nyembamba, zenye sauti ya juu, zinaendelea kulia noti zilezile. Chini kunabadilika, juu kumesimama. Masikio yanadhani magitaa yapo mawili. Ukiweka na vumbi kidogo la amplifaya, basi.

Nilitumia wiki mbili kuligundua. Nilikuwa napiga kwa vidole, gumba na shahada, haitoki, inakuwa laini kama muziki wa kulalia. Mpaka usiku mmoja nikakata kadi ya simu, zile za plastiki za kwenye vibanda vya barabarani, nikaichonga pembetatu kwa mkasi. Nikapiga juu chini juu chini bila kusimama. Ikaja! Mke wangu akatoka chumbani kuuliza redio ya nani imepona.

Na hapa ndipo George Kinyonga anapoingia. Ridhimu yake nayo haisimami. Wilson anaweza kuzurura na solo lake akaenda mpaka Lamu, akirudi anamkuta mdogo wake palepale. Keene alikuwa anafanya kazi ya Wilson na ya George kwa mikono miwili, huku anaimba.

MtotoWaBandari:

Fundi story nzuri ila tuwe wakweli. Jamaa hana hiti hata moja. Kampuni kubwa imempa mpaka fundi wa Beatles na bado. Huyo kafeli kaka. Mbona tunamfanyia uzi?

KobeMzee:

Dogo ana hoja, fundi jibu.

FundiNyuzi:

Ngoja nijibu kwa kirefu, betri iko 52.

Kampuni ilimpa nafasi nyingine. Albamu ya pili ikatoka 1989, akarekodia Memphis, studio za Ardent. Hizohizo walizorekodia Big Star. Nayo haikuuza. Wakaachana naye. Ana miaka 31 tu. Hapo ndipo kwa hesabu yako, mwanangu, kazi yake imeisha.

Ilikuwa bado miaka 28.

Wewe kijana neno deiwaka unalisikia kwenye jina la mzee wetu hapo juu unadhani ni kabila. Deiwaka ni mpigaji asiye na mwajiri. Bendi imepungukiwa gitaa la pili kwa sababu fulani kagombana na kiongozi au kalewa, unaitwa saa kumi na moja jioni, saa mbili upo jukwaani unapiga nyimbo za watu kama umezaliwa nazo, usiku wa manane unapewa chako. Mji huu umelishwa na madeiwaka. Na ukitaka kumjua mpigaji kweli, usimsikilize kwenye wimbo wake, msikilize akiwa deiwaka kwenye wimbo wa mwenzake. Hapo hana pa kujificha na hatakiwi kujionyesha.

Keene akawa deiwaka wa daraja la juu. Aliwapigia bendi ya Velvet Crush gitaa. Mwaka 1996 Paul Westerberg, aliyekuwa kiongozi wa bendi ya The Replacements, alipotoka na bendi yake kwenye ziara, mpiga gitaa alikuwa Keene. Na angalieni dunia ilivyo ndogo: huyo Westerberg na bendi yake ndio walioimba wimbo wenye jina la Alex Chilton mwaka 1987, yule wa Big Star, yule muosha vyombo. Miaka kumi baadaye tena, 2006, yupo kwenye bendi ya ziara ya Robert Pollard wa Ohio, mtu anayetunga nyimbo kama kuku anavyotaga. Huyu na Keene walitengeneza albamu nzima pamoja mwaka huohuo: Keene anarekodi muziki peke yake, anamtumia mwenzake, mwenzake anaweka maneno na sauti. Leo mnatumiana midundo kwa WhatsApp mnajiona mmegundua moto.

Na huku nyimbo zake hazikusimama. Kampuni ya Matador wakamtolea albamu 1996 na nyingine 1998. Halafu kampuni nyingine ndogo, halafu nyingine, ya mwisho yenye tungo zake ilitoka 2015. Albamu ya 1996 aliipa jina lenye maana ya "miaka kumi baadaye", hesabuni wenyewe miaka kumi baada ya nini. Mtu mwenye kinyongo asingeweza kufanya utani huo.

Kwa hiyo nikuulize wewe, Mtoto wa Bandari. Mtu aliyetoa albamu mwaka 1982 akatoa na mwaka 2015, na katikati wakubwa wake wote walikuwa wakipungukiwa gitaa wanampigia simu yeye, utamwitaje?

MtotoWaBandari:

Mpigaji.

Ila hakupata hela 😂

DeiwakaMstaafu:

Kijana wa hela, nakujibu mimi.

Hela ya muziki ina milango mitatu. Mlango wa kwanza ni mlangoni, kiingilio, usiku uleule. Wa pili ni santuri. Wa tatu ni mirabaha, mtu anapiga wimbo wako redioni au anaurekodi upya nawe unakatiwa fungu. Sisi wengi wa zamani mlango tuliouona ni wa kwanza tu. Ulirekodi redioni ukapewa posho, ukarudi kwenu kwa basi, wimbo ukapigwa miaka thelathini na wewe unausikia ukiwa kwenye foleni ya mafuta ya taa. Kwa hiyo mtu akiniambia fulani aliishi na gitaa mpaka uzee nauliza alipita mlango gani. Fundi, huyo wako?

FundiNyuzi:

Mzee, akaunti yake ya benki sijaiona, ila kwa jinsi kazi zake zilivyokaa naona mlango wa kwanza kwa sana, wake na wa wenzake. Wa tatu ndio ulikuja kumkumbuka Chilton. Mwaka 1986, mwaka uleule wa kaseti yangu, kundi la wasichana wa California, The Bangles, walirekodi upya wimbo wake wa 1974 kwenye albamu iliyouza sana, na mirabaha ikaanza kumfikia. Miaka kumi na mbili wimbo ulilala. Mwaka 1998 wimbo mwingine wa Big Star ukawa wa kufungulia tamthilia ya televisheni. Chris Bell, aliyeutunga pamoja na Chilton, alikuwa kaburini miaka ishirini.

Ndiyo maana kijana akija na wimbo wake hapa kibandani kabla sijamwonyesha kodi hata moja namuuliza: umeusajili COSOTA, kwenye hakimiliki? Wananicheka. Wanataka kujua kipaza sauti kipi kizuri.

BintiPangani:

Mimi umenigusa na hilo la kumfungulia mtu uzi mzima bila hiti. Baba yangu alikuwa anapiga besi. Hakuna anayemjua. Ila harusi za Pangani zote za miaka ile, mtu akikuonyesha picha, yupo pembeni kwenye kona, nusu ya uso imekatwa.

KobeMzee:

Wapiga besi wote picha zao zimekatwa dada. Ni ugonjwa.

FundiNyuzi:

Dada, salimia familia. Siku ukipata nafasi tuwekee picha moja, hata hiyo nusu.

Nimalizie. Mwaka 2017 Keene alikuwa barabarani, anamfungulia jukwaa mwimbaji mwenzake Matthew Sweet. Tarehe 22 Novemba akafariki nyumbani kwake usingizini. Miaka 59. Mimi nilijua siku tatu baadaye, usiku, nimelala chali naperuzi simu huku mbu wananiimbia. Nikaamka nikaenda kibandani saa tano usiku, nikafungua boksi, nikaitoa kaseti. Sikuwa na redio nzima hata moja inayosoma kaseti! Wote wameshahamia kwenye flashi. Fundi redio miaka ishirini, nakosa redio ya kuchezea kaseti yangu mwenyewe. Ikabidi nichukue deki mbovu la mteja, nikabadilisha mkanda wa mpira kwa kuukata kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, unene haulingani, ikawa inacheza polepole. Bwana Kini akaimba na sauti nzito kama shekhe. Nikasikiliza upande wa kwanza wote hivyohivyo.

KobeMzee:

Dah.

Jirani_wa_Barabara_ya_14:

Wakuu mimi msomaji tu, huwa siandiki, leo imebidi nijisajili upya maana nilisahau nywila.

Fundi, hicho kiitikio cha mluzi. Kinaanza juu, kinashuka hatua tatu, kinapanda mbili, kinasimama? Kama ndicho basi mimi nakijua. Kuna harusi ilipigwa barabara ya 14, mwaka 2001 au 2002, bendi ya kuokoteza, mpiga gitaa wa pili alikuwa na shati la kitenge cha samaki. Katikati ya wimbo wa kumtoa bibi harusi akaanza kupiga kitu kama kengele za baiskeli, wale wengine wakashangaa kwanza halafu dramu zikamfuata. Watu walicheza mpaka turubai likaanguka upande mmoja. Sisi vijana tuliuita "wimbo wa kengele", tulikuwa tunauomba kwenye kila harusi na hakuna bendi iliyoujua.

MtotoWaBandari:

Haiwezekani 😳

DeiwakaMstaafu:

Harusi hiyo nilikuwepo. Solo nilikuwa nashika mimi. Nilitaka kumpiga na kiti.

FundiNyuzi:

Umeme umerudi.

Jirani, mluzi ni huohuo. Shati la samaki ni langu, mke wangu amelifanya dekio. Na mzee DeiwakaMstaafu, kumbe ni wewe! Miaka yote tunaandikiana humu!

Mzee, kwa kuwa tumekutana: hela ya harusi ile alikabidhiwa nani? Mimi nilipewa pilau tu.

DeiwakaMstaafu:

Hata mimi pilau.

KobeMzee:

Mpiga besi.

FundiNyuzi:

Amekuja mtu na sabufa. Tutaonana usiku.